Ugonjwa umepona, kiungo hakijapona: omba matibabu yako mpaka mwisho



Ukurasa huu umezoea kukuambia habari za kofia, buti, vumbi na baruti. Safari hii tutazungumza juu ya jambo ambalo watu wengi wa Kasongo na Kabambare wanalibeba kimya. Ni hali ya mtu aliyeugua, akatibiwa, akaandikiwa kwenye karatasi kwamba amepona. Lakini vidole vyake vimebaki vimekunjika, au jicho halifungi, au goti halinyooki, au shavu la mtoto wake limetoboka.

Ukimwuliza mtu huyo kwa nini haendi kupasuliwa, atakujibu: "Ugonjwa ulishakwisha. Iliyobaki ni sura tu. Nani atalipa franga kwa ajili ya uzuri wangu?"

Jibu hilo limewaponza watu wengi. Tunakuomba usome ukurasa huu mpaka mwisho, kisha umsomee bibi yako na jirani yako. Huenda aliye karibu nawe anangoja kusikia maneno haya.

KUNA UPASUAJI WA NAMNA MBILI

Kuna upasuaji wa urembo. Mtu mzima, viungo vyake vinafanya kazi, lakini hapendi pua aliyozaliwa nayo. Huyo atalipa kwa mfuko wake, wala hapana mtu wa kumlaumu serikali au kampani.

Kuna pia upasuaji wa kutengeneza. Huu unarudisha kazi ya kiungo kilichoharibiwa na ugonjwa, moto au ajali. Daktari anahamisha kano ili vidole vinyooke, anapandikiza ngozi ili goti lifunguke, anafungua taya ili mtoto atafune. Huu si urembo. Ni sehemu ya matibabu, kama vile kuunga mfupa uliovunjika.

Mara nyingine daktari ni yuleyule, kisu ni kilekile, na baada ya kazi mtu anaonekana vizuri zaidi kuliko mwanzo. Ndiyo sababu watu wanachanganya. Lakini anayetoa franga za watu wote, awe serikali, kampani au misioni, huuliza swali moja: kiungo hiki kinashindwa kufanya kazi gani? Ukiweza kulijibu swali hilo, umekwisha kufungua mlango.

MAGONJWA MATATU YANAYOACHA DENI

Tutaje magonjwa matatu yanayojulikana katika nchi yetu ya Kongo.

1. Ukoma. Kongo bado inapata maelfu ya wagonjwa wapya kila mwaka. Dawa zake ni bure duniani kote tangu mwaka 1995, na humezwa miezi 6 au miezi 12 kulingana na aina ya ugonjwa. Dawa zinaua vijidudu, na mgonjwa hawaambukizi tena wengine. Lakini haziwezi kufufua mshipa wa fahamu uliokwisha kufa. Kwa hiyo mtu aliyepona anaweza kubaki na vidole vilivyokunjika kama makucha, na mguu unaoburuta chini, au jicho lisilofumba hata usiku.

2. Kidonda cha Buruli. Jina hili limetoka Uganda, katika wilaya ya Buruli, ambako wagonjwa wengi walionekana katika miaka ya 1960. Kinaanza kama uvimbe mdogo usiouma, kisha ngozi inaoza na kuacha kidonda kipana. Sumu ya vijidudu hivyo inatia ganzi, na ndiyo maana watu wanachelewa kwenda kwa daktari. Katika Afrika karibu nusu ya wagonjwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Siku hizi kinatibiwa kwa dawa mbili kwa muda wa majuma 8. Lakini kovu likikauka juu ya kiwiko, goti au kifundo cha mguu, linavuta kiungo na kukifunga kama kamba.

3. Noma. Huu unashika watoto wadogo, hasa wa miaka 2 hadi 6, waliodhoofika kwa njaa au waliotoka kuugua surua au malaria. Unaanza kwenye ufizi: unatoka damu, unanuka vibaya. Kwa siku chache tu shavu linavimba na kuoza. Wengi wasiopata dawa wanakufa. Anayepona anabaki na shimo usoni, na mara nyingi taya limejifunga hata kijiko hakipiti. Noma hauambukizi, wala si uchawi, wala si laana ya ukoo. Tarehe 15 Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuandika katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

Tazama vizuri magonjwa haya matatu. Katika kila moja, dawa inamaliza ugonjwa na kuacha deni katika mwili. Upasuaji wa kutengeneza ndio unaolipa deni hilo.

MWAKA UKIPITA, KAZI INAKUWA NGUMU

Watu wengine wanasema: "Nitangoja nipate nafasi." Kungoja kuna hatari yake.

Jicho lisilofumba linakauka, linaingia vumbi, na kioo chake kinapata vidonda. Siku moja halioni tena, na jicho lililokufa hakuna upasuaji wa kulifufua. Kidole kilichokunjika, kama hakinyooshwi kila siku kwa mkono mwingine, kiungo chake kinaganda. Daktari akija baadaye anakuta kano anayoihamisha haina kitu cha kuvuta. Mkono usiosikia moto unaungua juu ya sufuria na kukatwa na chepe, na mwenyewe hana habari mpaka aone damu.

Lakini hata kukimbilia kisu mapema si vizuri. Kwa ukoma, madaktari wanataka mgonjwa awe ametulia, bila homa za ugonjwa na bila maumivu ya mishipa, kwa muda wa miezi 6 au zaidi. Kwa noma, wanangoja kovu likomae na mtoto apate nguvu. Wakati huo wa kungoja si wa kulala. Ni wakati wa kunyoosha viungo kila asubuhi, kupaka mafuta kwenye kovu, kumlisha mtoto, na kutayarisha karatasi.

Na hapa kuna neno la haraka: kama mkono au mguu umeanza kulegea au kufa ganzi katika miezi hii, usingoje upasuaji wowote. Nenda kituo cha afya juma hili. Mshipa ulioumia kwa muda usiozidi miezi 6 bado unaweza kupona kwa dawa.

NANI ANALIPA?

Hili ndilo swali unalouliza nyumbani usiku. Tulijibu kwa sehemu.

Kama una mkataba wa kazi. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamlazimisha mwajiri kumpa mfanyakazi na jamaa yake matunzo ya daktari, upasuaji, dawa na kulazwa hospitalini. Soma tena maneno haya: "na jamaa yake". Mtoto wako aliyepata noma yumo. Bibi yako mwenye jicho lisilofumba yumo. Sheria imetaja upasuaji. Kazi yako ni kuonyesha kwa karatasi ya daktari kwamba unachoomba ni matibabu. Uliza pia juu ya safari, maana mara nyingi upasuaji wenyewe si mzigo kama njia ya kufika.

Kama unafanya kazi katika kampani ndogo iliyopewa kazi na kampani kubwa, mwajiri wako ni yule mliyetia naye sahihi. Mlango wako wa kwanza ni huo.

Kama ni ajali ya kazi au ugonjwa wa kazi. Huo si mzigo wa mwajiri peke yake. Ni jambo la Mfuko wa Taifa wa Usalama wa Jamii, CNSS, ambao zamani uliitwa INSS. Lakini lazima ajali iandikishwe. Ajali isiyoandikwa ni kama haikutokea. Usikubali kuambiwa "tutaandika baadaye".

Kama wewe ni mchimbaji wa kujitegemea. Huna mwajiri wa kumpelekea barua. Lakini dawa za ukoma na za kidonda cha Buruli zinatolewa bure kupitia programu za serikali, na infirmie wa kituo chako ndiye anayejua lini kundi la madaktari wa upasuaji linapita katika mkoa. Jiandikishe kwake kabla, maana makundi hayo hukaa siku chache na huchukua walio kwenye orodha.

Tusidanganyane: mpango wa serikali wa afya kwa wote, uliozinduliwa mwaka 2023, ulianza na uzazi wa bure. Usifunge safari ukidhani kwamba kila upasuaji umeshalipiwa. Uliza kwanza, upate jibu lililoandikwa.

PITA NJIA ILIYONYOOKA

Watu wa Kasongo wana sababu ya kujivunia jambo hili. Katika miaka ya 1970, madaktari wa Kongo pamoja na wenzao wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, Ubelgiji, walijaribu Kasongo mpango mpya: mgonjwa aanze kituo cha afya kilicho karibu naye; kikishindwa, kimpeleke hospitali akiwa na karatasi; na hospitali imrudishe kituoni akiwa na karatasi. Mwaka 1981 gazeti la madaktari la London, The Lancet, lilichapa uchunguzi wao juu ya chanjo ya surua na maisha ya watoto wa Kasongo. Katikati ya miaka ya 1980 nchi nzima iligawanywa katika zone za afya 306 kwa mpango wa namna hiyohiyo.

Kwa hiyo njia unaijua. Anza kwa infirmie wa kituo chako. Yeye akutume hospitali kuu ya zone. Daktari wa zone ndiye anayeandika barua ya kukutuma mbali zaidi, kama Kindu, Bukavu au Lubumbashi, mahali alipo mpasuaji anayejua kazi hiyo.

Ukiruka kituo na kupanda pikipiki mpaka mjini bila karatasi, umempa mlipaji sababu ya kukataa. Atasema: "Nani alikutuma?" Utakuwa umekula franga za safari na za mbuzi uliyemwuza, nawe unarudi na mkono uleule.

NAMNA YA KUSEMA

Wengi wanakataliwa kwa sababu ya maneno waliyotumia. Sikiliza watu wawili wenye mkono wa namna moja.

Wa kwanza anasema: "Daktari, mkono wangu ni mbaya, watu wananicheka, ninaomba unitengenezee."

Wa pili anasema: "Daktari, vidole viwili vya mkono wa kuume havinyooki tangu nimalize dawa za ukoma miaka 2 iliyopita. Siwezi kushika mpini wa chepe wala kikombe. Siwezi kufunga vifungo vya shati. Mwezi uliopita niliungua kwa sababu kikombe kiliniponyoka. Kazi yangu ni kuendesha pampu. Sasa wamenihamisha kufagia."

Wote wawili wana haki na wote wanasema kweli. Lakini daktari anaweza kuandika maneno ya wa pili moja kwa moja kwenye karatasi, na mlipaji akayaelewa. Kwa hiyo, kabla ya kwenda, kaa na bibi yako mhesabu mambo haya:

— Ni ugonjwa gani, ulianza mwaka gani, dawa ziliisha lini.
— Ni kazi gani unashindwa kufanya shambani, nyumbani na kazini. Taja vitu vyenyewe: mpini, ndoo, kijiko, buti.
— Ni hatari gani umekwisha kuipata: kuungua, kuanguka, kidonda kisichopona.
— Kwa mtoto: anakula nini, anachukua muda gani kula, chakula kinatokea wapi, anasema maneno yanaeleweka au hapana.

Kwa barua ya kumpelekea mwajiri, maneno machache yanatosha:

"Mimi, mfanyakazi wa idara ya pampu, naomba kampani initume kwa upasuaji, kufuatana na barua ya daktari wa hospitali kuu ya zone niliyoifunga hapa. Daktari amesema kiungo hiki kinaweza kurudi kufanya kazi. Naomba jibu kwa maandishi."

Kama barua inatakiwa kwa Kifaransa, mwombe delege wa sendika au mwalimu akuandikie, lakini habari ziwe zako. Toa nakala. Moja abaki nayo delege, moja ikae nyumbani ndani ya sanduku, mbali na mvua na panya. Ukikataliwa kwa mdomo, omba kukataliwa kwa maandishi. Barua ya kukataa inaweza kupelekwa mbele. Neno la mdomo halipelekwi popote.

Na kabla ya kulazwa, mwulize delege sheria inasema nini juu ya mkataba wako siku za ugonjwa, na mshahara wako utakuwaje. Baada ya kuhamishwa kano za mkono, mtu anakaa ndani ya plasta majuma kadhaa, kisha anafanya mazoezi miezi mingine. Heri kujua mapema kuliko kushangaa ukiwa kitandani.

NA USO JE?

Msomaji atauliza: "Mimi naona, natafuna, nashika chepe. Lakini pua yangu imezama na watu hawataki kukaa nami kwenye sahani moja. Je, hilo si ugonjwa?"

Ni swali la haki. Kwanza, mwache daktari apime vizuri. Pua iliyozama mara nyingi inaziba pumzi. Mdomo usiofunga unamwaga mate na chakula. Chini ya sura mara nyingi kuna kazi iliyoharibika, na mwenyewe amekwisha kuizoea hata haisemi.

Pili, kuishi na watu nako ni kazi ya uso. Hilo lilijulikana zamani. Wakati wa vita vya pili vya dunia, mpasuaji Archibald McIndoe alitengeneza nyuso na mikono ya wanajeshi wa ndege walioungua, katika mji mdogo wa East Grinstead, Uingereza. Mwaka 1941 wagonjwa wake walianza chama chao, na mwisho wa vita kilikuwa na watu 649. Gharama ilikuwa ya serikali, na wengi walirudi kufanya kazi. McIndoe aliwaomba pia watu wa mji wasiwakodolee macho. Mwaka 1957 yeye pamoja na wapasuaji wenzake Michael Wood na Tom Rees walianzisha madaktari warukao wa Afrika ya Mashariki, shirika linaloitwa leo AMREF. Na huko Vellore, India, tangu mwisho wa miaka ya 1940, daktari Paul Brand alihamisha kano za mikono ya watu waliopona ukoma. Aliona kwamba mkono peke yake hautoshi: mtu mwenye alama za ukoma usoni alinyimwa kazi hata kama vidole vyake vimenyooka. Ndipo walipotengeneza pia pua na nyusi.

Kwa hiyo sema na jambo hilo mbele ya daktari, bila haya. Lakini liweke nyuma ya kazi ya kiungo, lisitangulie.

USITEGEMEE MUUJIZA

Mpasuaji hawezi kurudisha sura uliyokuwa nayo ujanani. Vidole vitanyooka, lakini ganzi itabaki; utaendelea kuangalia mikono na nyayo zako kila jioni, kuvaa buti bila msumari ndani, na kushika sufuria kwa kitambaa. Kovu litalegea, si kutoweka. Taya lililofunguliwa litafunga tena kama mtoto hafanyi mazoezi ya kufungua kinywa kila siku. Kazi ya daktari ni ya saa chache; kazi yako wewe ni ya miezi.

Na mtu akija na chupa anasema inaondoa makovu yote, au wembe wa kukata kovu jikoni, mfukuze. Kovu lililokatwa ovyo linarudi nene kuliko la kwanza.

NENO KWA SHEFU NA WENZAKE

Wewe uliye shefu wa kundi, ukiona mtu anaficha mkono mfukoni au anavaa kofia mpaka machoni, usimchekeshe mbele ya wengine. Mwite pembeni. Mtu anayeogopa kufukuzwa anaficha ganzi ya mkono, na mkono wenye ganzi karibu na mashine ni hatari kwa kundi zima.

Na wewe uliye jirani: mtu aliyepona ukoma hakuambukizi. Mtoto wa noma hakuambukizi. Kaeni sahani moja.

KUMBUKA

1. Ganzi au ulegevu mpya: kituo cha afya juma hili.
2. Ufizi wa mtoto unaotoka damu na kunuka: kituo cha afya leo.
3. Anza kituoni, pita hospitali ya zone, beba karatasi.
4. Sema kazi inayoshindikana kabla ya kusema sura.
5. Jamaa yako wanahesabiwa pamoja nawe.
6. Nyoosha viungo kila siku, kabla na baada ya upasuaji.

Kama ulipewa karatasi ya "amepona" na kiungo chako bado hakifanyi kazi, itoe sandukuni kesho asubuhi, uende nayo kwa infirmie.